Je, wajua kwa nini chumba cha elfu ishirini hupotea Dodoma Bunge likianza?

Juni mwaka juzi, saa tatu usiku, nilipigiwa simu na mtoto wa shangazi. Ametoka Kahama, ameshuka basi Stendi Kuu ya Nanenane kule Nzuguni, ana usaili kesho yake saa mbili asubuhi, na mfukoni ana elfu thelathini ya kulala na kula. Gesti ya kwanza karibu na stendi wamemwambia elfu arobaini na tano. Ya pili elfu hamsini, "na kimebaki kimoja". Ya tatu hawakufika hata kwenye bei: vimejaa. Mimi nilikuwa Singida kikazi, nyumba nimefunga na funguo ninazo mwenyewe.

"Kaka," akaniuliza, "si mlikuwa mnasema Dodoma maisha rahisi?"

Tulikuwa tunasema kweli, ila hatukutaja mwezi. Chumba kilekile alichotajiwa elfu arobaini na tano, ukikiendea Machi mwanzoni unakipata kwa ishirini na tano, na mhudumu anakupokea begi mlangoni.

Wengi watakujibu haraka: ni Bunge. Bunge liko Dodoma tangu 1996, na kwa kawaida hukutana mara nne kwa mwaka. Mikutano mitatu ni mifupi, ya wiki mbili tatu hivi. Wa nne ni ule wa bajeti, unaoanza Aprili na kwisha mwishoni mwa Juni, na huo ndio unaowanenepesha wenye gesti. Lakini usidhani wanaojaza vyumba ni wabunge. Mbunge gani atalala gesti miezi mitatu? Wengi wamepanga nyumba au wamejenga. Wanaojaza ni msafara unaowafuata: madereva, wasaidizi, waandishi wa habari, maofisa wa mashirika na taasisi walioitwa kukaa karibu na waziri wao siku bajeti yake inajadiliwa. Halafu kuna wageni wa wabunge. Umewaona kwenye televisheni: Spika anatangaza wageni wa Mheshimiwa fulani kutoka jimboni, wanasimama kule juu, wanapigiwa makofi, wanakaa. Wale wamekuja na basi zima, na jioni kila mmoja anataka kitanda. Gesti ya vyumba kumi na sita inamezwa na basi moja, tena nusu ya abiria wanabaki nje.

Sasa hapa ndipo pana jambo ambalo hata wenyeji wengine hawajaling'amua. Mtu angetegemea wageni wa serikali wamalize vyumba vya bei kubwa na kutuachia vya bei ndogo. Mambo huenda kinyume: cha elfu ishirini ndicho kinachokwisha kwanza. Sababu ni posho ya kujikimu.

Mtumishi wa umma akisafiri kikazi hulipwa kiasi maalumu kwa kila usiku. Mwaka 2022 serikali ilivipandisha viwango vya safari za ndani: cha chini kutoka Sh80,000 hadi Sh100,000, cha juu kutoka Sh120,000 hadi Sh250,000. Fedha hiyo ni yako, ulale hoteli au ulale kwa mjomba. Basi dereva aliyelipwa laki moja anapiga hesabu ambayo hata wewe ungeipiga: chumba elfu ishirini na tano, chakula elfu kumi na tano, elfu sitini inarudi nyumbani kama ada ya mtoto. Siku kumi ni laki sita. Kwa hiyo yule kijana wa Kahama na elfu thelathini zake alikuwa anagombea kitanda kimoja na mtu mwenye laki, na mwenye gesti analijua hilo vizuri. Akipandisha hadi arobaini na tano, mwenye posho ananuna kidogo na kulipa. Asiye na posho anarudi barabarani na begi lake.

Ongeza ukuaji wa mji wenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini serikali ilianza kuhama kwa kasi baada ya tamko la Rais Magufuli la Julai 2016, na mwaka 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini hapa. Ya 2022 ikakuta 765,179. Loji zimejengwa kweli, tena nyingi, lakini tazama zilipojengwa: Kisasa, Ilazo, Area D na kando ya barabara ya Dar es Salaam, zote zina marumaru, televisheni ya ukutani na bei ya kurudisha mkopo wa benki. Msafiri anayetoka Nanenane kuelekea mjini anakutana na hizo kwanza, moja baada ya nyingine, na akifika ya nne anaamini jiji zima liko hivyo.

Simu janja nayo inampoteza. Ukitafuta malazi mtandaoni unaletewa hoteli na apatimenti, kwa sababu gesti ya vyumba tisa ya mama mmoja wa Chang'ombe haina picha kwenye intaneti wala haina haja nazo. Namba yake imeandikwa kwa rangi ukutani, chini ya maneno "Vyumba vipo, self na kawaida".

Nilichomwambia kijana kilikuwa kifupi: toka stendi. Panda daladala ya mjini, shuka Majengo, halafu tembea kwa miguu. Mitaa ya zamani, kuanzia Majengo kwenda Chang'ombe, na upande wa pili Kikuyu, ina gesti zilizojengwa kabla marumaru hazijawa lazima. Huko chumba cha kawaida, choo na bafu nje, hukosi kwa elfu kumi na tano au ishirini. Usimwachie bodaboda akuchagulie. Bodaboda ana gesti yake inayompa chochote akileta mtu, na hicho chochote kimo ndani ya bei yako. Na kama usaili ungekuwa Chuo Kikuu cha Dodoma, ningemwelekeza Ng'ong'ona au Makulu, kwenye hosteli za wanafunzi, maana akilala Majengo nauli ya pikipiki alfajiri inakula alichookoa usiku.

Akafika. Akapiga tena: "Wanasema vimejaa, lakini nimeona funguo zimening'inia ubaoni, kama saba hivi."

Hapa nilicheka, kisha ikabidi nimweleze jambo ambalo mtu humwelezea mdogo wake akiwa ametazama pembeni. Gesti zilizo jirani na baa huishi kwa shoti taimu, au kwa lugha ya heshima, kupumzika. Chumba kinachukuliwa kwa saa moja au mbili, kinafagiliwa, shuka linabadilishwa (tuombe Mungu), kinachukuliwa tena. Kuanzia jua linapozama hadi saa nne usiku kinaweza kuingiza mara mbili au tatu ya hela ya kulala. Mhudumu akikuona saa mbili na begi mgongoni anajua wewe ni wa kulala mpaka asubuhi, yaani unamzibia biashara. Ndiyo maana "vimejaa" na funguo zinaning'inia. Ikifika saa nne na nusu hesabu inageuka. Wapumzikaji wameanza kutawanyika, vyumba vilivyobaki visipopata mtu vitalala vitupu, na usiku uliopita hauuzwi kesho. Saa hiyo ndiyo bei inapolegea.

Nikamwambia aende kwa mama lishe ale wali maharage taratibu, arudi saa nne na nusu, na asiulize "vyumba vipo?" Aulize, "Dada, cha kulala sasa hivi mnakitoa kwa ngapi?" Kisha ataje alichonacho, bila kulalamika. Alitajiwa ishirini na tano, akasema ana kumi na nane na nauli ya kwenda kwenye usaili. Yule dada akamwangalia, akaangalia bahasha ya vyeti aliyoikumbatia, akasema, "Haya, andika jina."

Mbinu hiyo ina hatari yake. Wiki ya kusomwa bajeti kuu, katikati ya Juni, ukisubiri saa nne na nusu unaweza kulala kwenye kiti. Hali ni ileile Nanenane, tarehe 1 hadi 8 Agosti, maonesho ya wakulima yanapojaza Nzuguni yote, na siku za mahafali ya vyuo mwishoni mwa mwaka, wazazi wanapokuja na mashada. Chama tawala kikiitisha mkutano mkuu ndiyo usiseme. Siku hizo piga simu mapema, hata kama ni kwa ile namba ya ukutani uliyopewa na mtu. Ila usitume hela kwa simu kwa mtu anayekuahidi chumba ambacho hujakiona. Wanaotapeliwa kwa njia hiyo ni walewale wenye haraka.

Kuna na wanaofika saa tisa usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku kucha mwaka 2023, baada ya zuio la takriban miaka 30, watu hushuka Nanenane kungali giza totoro. Siku ya gesti inaisha saa nne asubuhi. Ukiingia saa tisa usiku unalipa usiku mzima kwa saa saba. Uliza kwanza kama watakuhesabia mpaka kesho yake. Wengine hukubali, na asiyekubali mwachie, kaa stendi kwenye taa na watu mpaka kupambazuke. Mwenye kikao cha siku moja kutoka Dar siku hizi hata hahitaji kulala: treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma 2024, inachukua chini ya saa nne kwa nauli ya Sh31,000 daraja la kawaida.

Kabla hujalipa, fungua bomba. Maji ya Dodoma yana mgao na yana chumvi kidogo. Kama bomba linakohoa tu, ulizia ndoo iko wapi. AC usiilipie Juni: mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa kipupwe upepo wake unauma, na utakachohitaji ni blanketi la pili. Angalia kitasa kinafunga kwa ndani. Na kama hawakuombi kitambulisho wala hawana daftari la wageni, hiyo ni gesti bubu. Kikiibiwa kitu humo, hakuna palipoandikwa kwamba ulilala.

Kijana aliandika jina lake kwenye daftari saa tano kasoro dakika kumi. Chumba namba sita, neti imetoboka mahali pamoja, sabuni ya kipande, ufunguo umefungwa kwenye kipande cha mbao kikubwa kama mwiko ili usiuchukue mfukoni. Asubuhi akanitumia picha ya kandambili za bafuni: zote mbili za mguu wa kushoto, zimekatwa kona kwa kisu ili zisiibwe.