Morisi ya Cotswold: ngoma ya njuga na leso

Hapa morisi si kile kisiwa cha Bahari ya Hindi. Ni ngoma ya Waingereza, na kila upande wa nchi una yake. Inayojulikana zaidi ni ya Cotswold, kutoka vijiji vya Oxfordshire, Gloucestershire na jirani zao.

Kwa kawaida wachezaji ni sita, safu mbili za watatu watatu. Wamevaa nguo nyeupe, na chini ya magoti wamefunga ngozi iliyoshonewa njuga ndogo ndogo. Njuga hizo hazifichi kosa: ukitua nje ya mdundo, uwanja mzima umekusikia. Mikononi wana leso nyeupe (za mfukoni, si za kujifunga) wanazozipunga wanaporuka; katika nyimbo nyingine hushika fimbo na kuzigonganisha. Pembeni yupo mpiga fidla au konsetina (kinanda kidogo cha mkononi cha kuvuta na kusukuma), na mara nyingi mchekeshaji mmoja anayezungukazunguka akiwatania watazamaji. Kila kijiji kina mtindo wake: hatua za Bampton si za Headington, kwa hiyo mgeni haingii tu akacheza.

Kuna wanaosema ni ibada ya kale ya kabla ya Ukristo. Mimi sishawishiki. Kumbukumbu ya zamani zaidi inayojulikana ni ya 1448, pale chama cha masonara wa London kilipowalipa wachezaji shilingi 7, na jina lenyewe huhusishwa na Wamori, yaani Waislamu wa Hispania na Afrika Kaskazini. Inaelekea ilianza kama burudani ya watu wa tabaka la juu, ikashuka vijijini baadaye.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 ilikuwa imebaki mahali pachache. Msimu wake ni Pentekoste, lakini tarehe 26 Desemba 1899 watu wa Headington Quarry, karibu na Oxford, waliicheza katikati ya baridi. Sababu ilikuwa njaa tu: baridi ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, na wao walihitaji pesa. Cecil Sharp, mwalimu wa muziki aliyekuwa amekwenda kwa mama mkwe wake, akawaona. Kesho yake akamwita mpiga konsetina wao, William Kimber, fundi wa kujenga kwa matofali, akaandika nyimbo zake.

Zikakaa kwenye karatasi. Walioziingiza miguuni tena ni wasichana washonaji wa klabu ya Mary Neal jijini London, ambao Kimber alikwenda kuwafundisha miaka michache baadaye. Sharp na Neal wakaja kugombana juu ya namna sahihi ya kucheza, na jina lililovuma likawa la Sharp. Mwaka 1934 vikundi vya wanaume vikaunda Morris Ring, chama cha wanaume peke yao. Wanawake wakasubiri hadi 1975, wakaanzisha cha kwao.