Ile alama ya kuuliza mbele ya neno sepsisi

Ukilazwa na mtoto mchanga hapa Kisumu, chungulia faili yake siku ya kwanza, mara nyingi utapata daktari ameweka alama ya kuuliza halafu akaandika sepsisi. Hiyo alama ndio nataka kueleza leo, juu wamama wengi wanasoma neno wanaruka alama, wanapiga simu nyumbani wakilia ati mtoto ana wadudu kwa damu.

Sepsisi ni pale bakteria wameingia kwa damu ya mtoto na mwili mzima unaanza kuzidiwa. Alama ya kuuliza inasema tunashuku tu, bado hatujajua. Na tunashuku haraka kwa sababu mtoto wa siku mbili hana njia nyingi za kuonyesha anaumwa: anaacha kunyonya, analegea, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anashika joto ama anakuwa baridi, ni hivyo tu. Shida ni kwamba mambo hayo hayo yanaletwa na vitu vingine. Mtoto aliyezaliwa kwa oparesheni anaweza kupumua mbio masaa ya kwanza juu maji ya mapafu hayajaisha, sukari ikishuka analegea, na siku ya tatu kama maziwa ya mama bado hayajatoka vizuri anakaukiwa na maji na joto linapanda. Halafu kuna hii ya kwetu. Saa saba mchana, jua la Kondele limeiva, mtoto amefungwa shali tatu na kofia na soksi, amebebwa kwa tuktuk mpaka hospitali, unampima unapata 37.8. Kuna mmoja nilimfungua nikamwacha na nepi na shuka nyepesi, akanyonya, baada ya nusu saa nikapima tena nikapata 36.9. Lakini si kila joto ni la shali, kwa hivyo usikae nalo nyumbani ukijaribu kulitegua, mlete tulipime sisi.

Mtoto akishukiwa kweli, dawa inaanza hapo hapo. Tafadhali mama yeyote asisome hii halafu akatae sindano ya kwanza, sepsisi ya ukweli inaweza kumaliza mtoto kwa masaa machache. Dawa za kwanza Kenya ni penisilini na gentamisini, tunaiita genta. Kwa mtoto wa wiki ya kwanza penisilini inapeanwa kila masaa 12 na genta mara moja kwa siku. Sasa piga hesabu: siku 2 ni sindano 6, siku 7 ni sindano 21. Na kanula, kale kamrija ka kupitisha dawa kwa mshipa, kwa mkono mdogo hivyo haidumu, inavimba, tunaitoa, tunatafuta mshipa mwingine, mguuni, hata kichwani, na mama amesimama pale amegeukia ukuta.

Kwa hivyo ukisikia watu wakisema tupunguze antibiotiki, yaani hizi dawa za kuua bakteria, zisizohitajika kwa watoto wachanga, hawasemi tusianze, wanasema tujue saa ya kusimamisha. Kabla ya dozi ya kwanza inatolewa damu kidogo, kama mililita moja, inawekwa kwa chupa yenye chakula cha bakteria, hiyo ndio kalcha. Kama wamo kwa damu, wengi wanajitokeza ndani ya masaa 36 hadi 48. Mwongozo wa Uingereza unasema kaa chini uamue kwenye saa ya 36: kalcha haijaotesha kitu, mtoto ananyonya, vipimo vingine haviogopeshi, simamisha. Shirika la Afya Duniani nalo linasema mtoto asiye na dalili yoyote, ila mama yake maji yalivunjika zaidi ya masaa 18 kabla ya kujifungua ama alikuwa na homa akiwa kwa uchungu, apewe dawa angalau siku 2 halafu aangaliwe upya, iendelee tu kama dalili zimetokea ama kalcha imeleta kitu.

Hapo kwa kuangaliwa upya ndipo tunaangukia. Maabara zingine hazina kalcha kabisa, na mahali iko, niliwahi kufanya kazi kwa hospitali moja mtoto alianzishwa dawa Alhamisi, Jumamosi majibu yalikuwa tayari na hakuna kitu, na hakuna mtu alienda kuyachukua mpaka Jumanne. Karatasi ilikuwa kwa trei ya maabara siku hizo zote, na kila usiku mimi nachoma tu sindano. Halafu kuna hii ya "maliza dozi" tumefundishwa tangu shule, ni sahihi kwa ugonjwa umethibitishwa, lakini huyu hana ugonjwa, hakuna dozi ya kumaliza.

Madhara hayaonekani siku hiyo ndio maana watu hawashtuki. Dawa inafagia wadudu wazuri wa tumbo ambao mtoto ndio anaanza kuwapata kwa mama yake, genta ikikaa sana inaweza kugusa figo na masikio, na kwa watoto njiti antibiotiki za siku nyingi bila sababu zimehusishwa na ugonjwa mbaya wa matumbo kuoza. Na kwa wodi inabaki Klebsiella, aina ya bakteria, isiyosikia genta, inahama kitanda hadi kitanda kwa mikono yetu.

Kwa hivyo mama, siku ya pili asubuhi daktari akipita, uliza tu kwa upole, "Daktari, kalcha imerudi? Bado tunashuku?" Ni haki yako na hakuna atakayekukasirikia, wengine watashukuru umewakumbusha. Dawa ikisimamishwa, endelea kunyonyesha na uangalie vitu vile vya mwanzo, kunyonya, kupumua, joto, kulegea, na ukiona kimoja kimebadilika rudi hata kama ni usiku.