Pikipiki ikizima ukitia gia, inama utazame stendi

Kijana mmoja alifika karakana ya chuo ninakofundisha saa moja asubuhi akiisukuma pikipiki yake, shati limelowa jasho mpaka mgongoni. Kutoka Sahare, hapa Tanga, si mwendo wa kusukuma pikipiki.

"Shikamoo mwalimu. Inawaka vizuri tu, lakini nikitia gia, kwisha, inazima."

Ndani ya wiki mbili alikuwa ameshabadilisha plagi, akanunua betri, na mwisho akauziwa CDI ya mtumba, kile kisanduku kinachotawala umeme wa plagi. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Anabeba samaki kutoka Deep Sea, wanakoshushia wavuvi, kwenda soko la Mgandini, tenga nyuma, kila alfajiri. Basi nikainama upande wa kushoto. Swichi ya stendi ilikuwa imeota ukoko mweupe wa chumvi, na gamba la samaki limegandia juu yake.

Swichi yenyewe ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kimefungwa pale stendi ya pembeni inapojikunjia. Kwenye pikipiki nyingi zilizo nayo, stendi ikiwa chini na gia iko nyutro, injini inawaka kama kawaida. Ukitia gia kabla hujaipandisha stendi, umeme wa plagi unakatika. Ziko pia zisizojali gia: stendi ikishuka tu, injini inazima. Jua yako ni ya aina gani kabla hujaanza kununua spea za kubahatisha, maana dalili ya swichi mbovu inafanana sana na ya CDI mbovu, na mwenye duka hatakukataza kununua.

Kwa nini waliiweka? Stendi iko kushoto, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona zetu fupi na kali ni za kushoto. Anayetoka barabara kubwa akakata kuingia mitaa ya Ngamiani anailaza pikipiki upande ule ule wa stendi. Ukienda moja kwa moja na stendi iko chini husikii kitu, inaning'inia tu. Ukiilaza pikipiki, ncha yake inagusa lami. Ukiwa na bahati, barabara inaisukuma nyuma ikajikunja. Usipokuwa nayo, inang'ang'ania pale pale, tairi la nyuma linanyanyuka, na hapo breki ya nyuma haina kazi kwa sababu tairi halishiki chini. Watengenezaji walilijua jambo hili zamani: Honda nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa na kipande cha mpira kwenye ncha ya stendi, ili kikigusa barabara kiivute irudi juu. Ulaya wakaliwekea masharti ya kisheria mwaka 1993.

Hapa Tanga adui wa swichi ni chumvi. Upepo wa bahari peke yake unatosha kuila taratibu, sembuse maji ya barafu na samaki yanayodondoka kutoka kwenye tenga kila siku. Ongeza grisi inayorushwa na cheni, ambayo kwa pikipiki nyingi iko kushoto vilevile, vumbi la Pongwe likagandia humo, kisha kijana wa kuosha pikipiki akaipiga maji ya presha kwa karibu. Ikianza kuzima kila baada ya kuoshwa, au injini ikakatakata ukipita kwenye matuta, anza kushuku hapo.

Kuipima hakuhitaji fundi mkubwa. Kaa juu ya pikipiki, shika klachi na breki ya mbele, tia gia ya kwanza, kisha shusha stendi kwa kisigino. Injini ikizima, swichi inafanya kazi. Isipozima, na unajua pikipiki yako ilitoka na swichi, basi ama imekufa ama kuna mtu ameunga waya dairekti ili kuiruka swichi. Ikiwa shida yako ni kama ya kijana wetu, inazima hata stendi ikiwa juu, chomoa soketi ya swichi, weka mita ya umeme upande wa mlio, uguse waya za swichi, kisha pandisha na shusha stendi. Kwa swichi ya waya mbili, mlio unapaswa kubadilika kila unapoisogeza, na utulie stendi inapotulia. Ukisikia unakatikakatika, ndani kumeliwa na kutu.

Ya kwake tuliisugua kwa mswaki na maji baridi, tukaikausha, tukapuliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Ikafanya kazi dakika kumi, ikarudi kule kule. Kipini cha ndani kilikuwa kimeshaganda kwa kutu. Nikamwambia inatakiwa mpya.

"Mwalimu, si uniunge dairekti tu niwahi samaki?"

Sitajifanya mtakatifu. Ikinizimia saa nne usiku njia ya Horohoro, nitaunga nifike nyumbani. Ila asubuhi naiondoa. Bodaboda nyingi hapa mjini hazina swichi kabisa, na madereva wake wameshazoea kuitazama stendi wenyewe. Ninayemwogopea ni huyu aliyezoea kukumbushwa. Mguu wake umeshajifunza kusahau, kwa kuwa kila akisahau injini humzimikia. Siku ukimuunga dairekti, mazoea yanabaki, ulinzi umeondoka. Tena akiiuza, mnunuzi haambiwi. Unaponunua pikipiki ya mkononi, fanya jaribio lile la kisigino palepale mbele ya muuzaji.

Springi nayo isisahaulike. Ikilegea, stendi hushuka yenyewe kwenye tuta, na abiria naye anaweza kuishusha bila kujua, hasa mama aliyekaa upande, miguu yote kushoto. (Na pindo la baibui lake likusanywe kabla hujaondoka, cheni iko hapo hapo.) Bolti ya stendi itiwe grisi, na springi ikichoka ibadilishwe, usiifunge kwa mpira wa tyubu.

Injini ikikuzimikia ukiwa kwenye mwendo, shika klachi kwanza ili tairi la nyuma lisikwame, usipige breki ya ghafla, washa indiketa, ujivute kushoto taratibu bila kuilaza sana, maana huenda stendi ndiyo iliyoshuka. Ukishasimama ndipo utazame chini.

Kijana alikubali kusubiri. Swichi mpya ilimgharimu kidogo kuliko ile CDI ya mtumba, jambo lililomuuma kuliko kuchelewa. Nilimfundisha kisigino kianze kuipandisha stendi kabla ya kushika klachi, akarudia mara kadhaa pale karakana huku wanafunzi wangu wakimcheka.

Wiki iliyofuata nilimkuta Mgandini akishusha mzigo. Chini ya tenga alikuwa amefunga dumu la mafuta lililokatwa ubavu, na maji ya samaki yote yanadondokea humo.