Kirusi Hakina Ujanja: Yasemwayo Barazani Tanga Kuhusu Vijidudu Vinavyobadilika

Mwaka 2019 homa ya dengi ilipozichachafya Dar es Salaam na Tanga, barazani Ngamiani kila aliyeshika kikombe cha kahawa chungu aligeuka daktari. Kirusi kimekuwa kijanja, alisema huyu. Kimezoea dawa, alisema yule, ingawa dengi haina dawa ya kuizoea. Ambacho hakikutajwa na yeyote ni kimeng'enya, ile protini inayonakili vinasaba vya kijidudu herufi kwa herufi, ambayo kwa virusi vingi hunakili ovyo na kusonga mbele bila kutazama nyuma. Dhana nyingi potofu zinazozunguka mitaani huanzia hapo.

"Kirusi kinajibadilisha ili kitukwepe"

Hii ndiyo mama yao, na hata walioisomea biolojia shuleni huisema. Chukua kirusi cha Ukimwi. Vinasaba vyake havifiki herufi 10,000. Kimeng'enya chake, kile kinachoigeuza RNA (namna ya vinasaba ambayo kirusi hiki hubeba) kuwa DNA (namna iliyomo katika seli zetu), hakina sehemu ya kusahihisha, na hukadiriwa kukosea herufi moja katika kila makumi ya maelfu. Kwa hesabu hiyo nakala nyingi hutoka safi au zikiwa na kosa moja tu, jambo ambalo halitishi mtu. Ila ndani ya mgonjwa asiyetumia dawa huzaliwa virusi vipya kwa mabilioni kila siku. Zidisha mwenyewe: karibu kila badiliko la herufi moja linaloweza kutokea huwa limekwishatokea kabla ya magharibi, likiwemo lile linaloikwepa lamivudini, mojawapo ya dawa za Ukimwi. Makosa mengi ni hasara tupu kwa kirusi chenyewe, na nakala hizo hufia njiani. Lile linalokifaa lilitokea kwa bahati kama yale mengine, na kilichobaki ni dawa kuja kufagia wenzake na kuliachia uwanja.

Ndiyo maana kidonge kinachotolewa kliniki kina dawa tatu pamoja: tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Kosa moja la kuikwepa lamivudini ni rahisi kupatikana. Nakala iliyobeba kwa mkupuo makosa yote yanayohitajika kuzikwepa tatu ni adimu mno, hasa virusi vinapozuiwa kuzaliana.

Mbishi atauliza: umejuaje kwamba badiliko lilitangulia dawa? Swali zuri, na lilijibiwa mwaka 1943. Salvador Luria na Max Delbrück, wakiwa Marekani, waliotesha bakteria wa E. koli katika mirija mingi iliyotengana, kisha wakawakutanisha na kirusi kinachoua bakteria. Kama ukinzani, yaani uwezo wa kumhimili adui, ungezaliwa kwa sababu ya kukutana na adui, kila mrija ungetoa manusura wanaokaribiana kwa idadi. Haikuwa hivyo. Baadhi ya mirija haikutoa hata mmoja, mingine ilijaa manusura, kwa kuwa huko badiliko lilitokea mapema, wakazaana watoto na wajukuu wakinzani kabla adui hajaonekana. Wanasayansi hao walitunukiwa Nobeli mwaka 1969. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa majaribio safi kabisa ya karne iliyopita.

"Mwili wangu umezoea dawa"

Mwili haujazoea kitu. Wakinzani ni vijidudu. Katika kifua kikuu, takriban bakteria 1 kati ya milioni 1 huwa mkinzani wa dawa iitwayo isoniazidi kwa bahati ya kuzaliwa, na takriban 1 kati ya milioni 100 ni mkinzani wa nyingine iitwayo rifampisini. Pafu lililotoboka linaweza kubeba bakteria milioni 100 na zaidi. Ukimpa mgonjwa dawa moja umewafungulia wakinzani njia. Ukizichanganya zote mbili, unahitaji bakteria mmoja katika trilioni 100. Hapo ndipo ilipo mantiki ya dawa nne kwa miezi miwili na mbili kwa miezi minne, wala si ukali wa manesi.

"Bakteria nao hunakili ovyo, kama virusi"

La. Bakteria ni waangalifu sana: kimeng'enya chao kikuu husahihisha kinapoandika, na baadaye wasahihishaji wengine hupita, mpaka linabaki kosa 1 katika herufi bilioni moja au pungufu ya hapo.

Lakini wana vimeng'enya vya akiba. DNA ya E. koli ikiharibiwa, tuseme na miale ya jua au na sipro, dawa ya kuua bakteria, inapigwa mbiu ya hatari na vinaamshwa vimeng'enya vinavyoweza kuvuka palipoharibika, kile kikuu kikiwa kimekwama. Gharama ya kuvuka ni makosa. Bakteria wa kifua kikuu ana cha kwake kiitwacho DnaE2. Utafiti wa mwaka 2003, ulioshirikisha maabara ya Valerie Mizrahi kule Johannesburg, ulionyesha kwamba bakteria walionyimwa kimeng'enya hicho walikuwa dhaifu zaidi katika panya, na usugu wa dawa ulijitokeza kwa uchache. Wapo wanaosema bakteria hukosea makusudi ili wabadilike. Mimi nawaunga mkono wanaosema kwanza bakteria anaokoa roho yake, na mabadiliko ni ziada inayokuja nayo.

Kisa kinachonitatiza ni cha kirusi kimoja kinachoishambulia Bordetela, jamaa wa bakteria wa kifaduro. Mwaka 2002 maabara ya Jeff Miller, California, ilieleza kwamba kirusi hicho kina kimeng'enya kinachokosea mahali maalumu: hubadilisha herufi A tu, ndani ya jeni ya protini ya kushikia bakteria. Bakteria akibadili vazi la nje, miongoni mwa wajukuu wa kirusi anapatikana wa kumshika. Kosa bado ni bahati nasibu. Linapotua ndipo pamepangwa.

"Kimeng'enya kinachokosea ni kibovu"

Mwaka 2006 Marco Vignuzzi, Raul Andino na wenzao walichapisha matokeo ya kirusi cha polio chenye kimeng'enya makini kuliko kawaida. Katika panya kilishindwa kuufikia ubongo vizuri. Walipokiongezea mabadiliko kwa kemikali, ukali ukarudi. Makosa hayo yana kiwango, hata hivyo. Yakizidi, kizazi kizima huharibika, na ndivyo zinavyofanya kazi dawa kama molnupiraviri, inayotumika dhidi ya korona. Virusi vya korona, vyenye takriban herufi 30,000, vimepata kimeng'enya cha kusahihisha, jambo la nadra kwa virusi vya RNA.

"Kama virusi hubadilika, chanjo ya nini?"

Tazama surua. Kirusi chake ni cha RNA na hunakili ovyo vilevile. Chanjo nyingi zinazotumika leo ni uzao wa kirusi kilichochukuliwa kwa mtoto mmoja wa Marekani mwaka 1954, na bado zinakinga. Sehemu za protini ambazo kinga yetu huzishika ndizo kirusi hutumia kuingilia kwenye seli. Nakala iliyozibadilisha mno haiingii popote. Mtoto wa Makorora, hapa Tanga, anayechanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha 18, anakingwa dhidi ya kirusi kinachokosea kila siku bila kufaidika.