"Ngoja kwanza apate akili"

Juma hili mama mmoja alifika kutoka Kadutu, matope hadi magotini, mtoto wake wa miaka 11 mgongoni, kitenge kimefungwa mara mbili. "Mwalimu," akaniambia, "wamesema tungoje kwanza apate akili, ndipo apokee Komunyo."

Maneno hayo nayasikia kila mwaka uandikishaji wa katekisimu unapofunguliwa, na mwaka huu nimechoka. Ni miaka 14 nawafundisha watoto wenye ulemavu hapa Bukavu. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa akili, kumngojea apate akili ni sawa na kungojea treni Bukavu, mji usio na reli.

Anayesema hivyo anadhani Komunyo ni diploma: unajibu maswali, unapewa. Kanisa lilikwisha kujibu hilo tangu tarehe 8 Agosti 1910, kwa dekreti (amri rasmi) *Quam singulari* ya wakati wa Papa Pius X. Zamani zile hata watoto wasio na ulemavu wowote waliwekwa pembeni hadi miaka 12 au 14, kwa kisingizio hikihiki cha kutoelewa. Dekreti ikasema ujuzi kamili wa mafundisho hautakiwi. Mtoto atofautishe Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 913, inataka mtoto aelewe fumbo la Kristu kadiri ya uwezo wake. Uwezo wake yeye, si wa mtoto wa jirani. Kanuni ya 777 nayo inamgeukia paroko: ni wajibu wake kuona kwamba katekisimu inawafikia wenye ulemavu wa mwili na wa akili, kadiri hali yao inavyoruhusu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtoto anajua nini, niambieni kwanza ni nani aliyekwenda kumfundisha.

Na yule mwenye ulemavu mzito wa akili? Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2007, katika *Sacramentum Caritatis* namba 58, kwamba watu kama hao, wakiwa wamebatizwa na kupata kipaimara, wapewe Komunyo kila inapowezekana, kwa sababu wanaipokea pia katika imani ya familia au ya jumuiya inayowasindikiza. Jumuiya, yaani shirika lenu, ile jumuiya ndogo ya Wakristu wa mtaa. Kama huko kwenye shirika hakuna anayejua hata jina la mtoto, sijui atasindikizwa na imani ya nani.

"Lakini utajuaje kwamba ametofautisha?" Kwa kumtazama. Nina mwanafunzi asiyesema neno hata moja. Ukimwonyesha biskuti anarusha mikono na kupiga kelele mpaka apewe. Padri akiinua Hosti, yaani Mkate wa Ekaristi, anatulia na kuweka mkono kifuani. Mkono huo sikumfundisha mimi, aliuona kwa nyanya yake. Kuna wanaotaka kwanza nimwulize Utatu Mtakatifu ni nini. Mimi ningeanza kuwauliza wao.

Hofu nyingine ni kwamba atatema Hosti mbele ya watu wote. Hiyo ni kazi ya mazoezi tu, na hapa nawasumbua sana wazazi: mwezi mzima kabla ya siku yenyewe, kila jioni, kipande cha hosti ambayo haijawekwa wakfu, kidogo kama ukucha, pamoja na maji kwenye kijiko. Kipande kidogo ni Kristu mzima, hakuna anayepunjwa. Asipoweza kabisa kumeza kitu kikavu, kanuni ya 925 inaruhusu, pakiwa na lazima, apewe Damu ya Kristu peke yake, yaani divai iliyowekwa wakfu. Mweleze padri mapema kule sakristia, msianze kunong'onezana mstarini watu wakiwa nyuma yenu.

Mengine nayapitia haraka.

Mume wangu alipochaguliwa kuongoza shirika, kuna waliosema nyumba yenye mtoto kama wetu ina laana. Mtoto wetu wa tatu ana sindromu ya Down. Seli zake zina kromosomu 47 badala ya 46, kwa kuwa zile za namba 21 ziko tatu badala ya mbili. Daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walilitangaza hilo mwaka 1959. Anayetafuta nani alitenda dhambi asome Yoane sura ya 9, wanafunzi walikwisha kumwuliza Yezu swali hilo. Siku hizi mwanetu ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka. Anasimama mbele yako mpaka utoe, na hajui aibu.

"Hawa ni malaika, hawana dhambi." Malaika wangu alificha simu ya dada yake siku mbili, akawa anacheka kila ikitafutwa. Anajua vizuri alichofanya, na kwa padri anakwenda kuungama kama wengine.

Kifafa hakiambukizi, wala kwa povu wala kwa mate. Mtoto akianguka wakati wa misa, mlaze ubavu, ondoa viti karibu naye, usitie kitu chochote mdomoni. Dawa anywe kila siku bila kuruka, hata kama kwenye chumba cha maombi wamewaambia amepona.

Halafu kuna wapokezi wetu wenye moyo mwema, wanaompeleka kila mwenye ulemavu benchi la kwanza, wakidhani ndiyo heshima. Kwa mwenye otizimu (usonji), benchi la kwanza liko miguuni pa ngoma. Wimbo wa Utukufu unapoanza, ngoma na vigelegele, mtoto anaziba masikio na kupiga yowe, na watu wanaanza kusema shetani amechokozwa. Mweke pembeni, karibu na mlango, upande usio na korali, atoke na kurudi anavyotaka.

Mtoto wa yule mama nimemwandikisha. Tunaanza Jumamosi saa tatu asubuhi, nimemwambia aje na kijiko anachokizoea.