Kwa nini tako linauma mpaka mguu unawaka moto, ilhali mgongo ni mzima?

Dereva wa lori anashuka baada ya safari ya usiku kucha, mkono mmoja umeshika tako. Mgongo haumsumbui. Kinachomsumbua ni maumivu yaliyojichimbia ndani kabisa ya kalio, kisha moto au ganzi inayoteremka nyuma ya paja hadi kwenye shavu la mguu. Akikaa yanazidi, akisimama akatembea kidogo, yanapoa. Nyumbani mmoja atamwambia ni baridi, mwingine atasema ni diski ya mgongo, ile sahani laini iliyo kati ya pingili za uti. Diski inawezekana. Lakini inawezekana pia mgongo hauhusiki kabisa, na chanzo kiko palepale anapopashika.

Ndani ya kalio, chini ya ule msuli mkubwa tunaoukalia, kuna msuli mdogo uitwao pirifomisi. Unaanzia upande wa ndani wa sakramu, mfupa wa pembetatu ulio mwisho wa kiuno, unakwenda kwa mshazari na kujishikiza juu ya mfupa wa paja, pembeni mwa nyonga. Ukiwa umesimama, ndio unaosaidia kugeuza paja litazame nje. Ukiwa umekaa, husaidia kulitanua paja mbali na mwenzake.

Chini yake hupita neva ya siatiki, neva nene kuliko zote mwilini. Inapotoka kwenye fupanyonga upana wake unakaribia sentimita 2. Hiyo ndiyo inayoamrisha misuli ya nyuma ya paja na misuli yote iliyo chini ya goti. Sasa msuli huo ukikaza, ukavimba au ukaumia kwa mtu kuanguka na kufikia tako, neva hubanwa au kuchokozwa. Kinachobanwa kiko kalioni, lakini mwenye mguu huusikia moto kote neva inakofika. Ndiyo maana wengi hupaka dawa shavu la mguu miezi na miezi bila nafuu.

Kwa nini basi kila mtu hukimbilia kutaja mgongo? Mwaka 1928 daktari Yeoman alikwisha kuuhusisha msuli huu na siatika, yaani maumivu yanayofuata njia ya neva hiyo. Lakini mwaka 1934 Mixter na Barr, wa Boston nchini Marekani, walichapisha ushahidi kwamba diski iliyochomoza mgongoni hubana mizizi ya neva, na tangu hapo macho yote yakahamia huko. Hawakukosea: diski ndiyo chanzo cha kawaida zaidi cha siatika hadi leo. Pirifomisi ilibaki nyuma, hata ilipopewa jina lake kama ugonjwa mwaka 1947 na daktari Robinson.

Wanaokaa muda mrefu ndio wanaosumbuka mara nyingi: madereva, mafundi cherehani, wafanyakazi wa ofisini. Wamo pia wanariadha wa mbio ndefu. Na kuna pochi: tangu miaka ya 1970 madaktari wa Marekani wameandika juu ya wanaume wanaoumwa upande mmoja kwa sababu ya kukalia pochi nene iliyo mfuko wa nyuma wa suruali. Itoe kabla ya kukaa. Ni tiba isiyogharimu hata senti.

Kutambua ugonjwa huu si rahisi, na ningependa wagonjwa waambiwe hivyo waziwazi. Hakuna kipimo cha damu cha kuuonyesha. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia hukulaza, hukunja nyonga na goti, kisha huvuta goti kuelekea upande wa pili. Maumivu yale yale yakiamka kalioni, ni dokezo. Hupima pia nguvu za mguu na hisia za ngozi ili kuuondolea mgongo lawama. Picha ya MRI husaidia, ila isomwe kwa tahadhari, kwa kuwa watu wengi wasio na maumivu yoyote wana diski zilizovimba kidogo. Tako nalo lina wagomvi wengine: kiungo cha sakramu na nyonga, au kano za nyuma ya paja zinaposhika kwenye mfupa wa kukalia.

Jambo moja linanikera. Mtu akiumwa tako, anachomwa sindano ya kutuliza maumivu kwenye tako hilo hilo, dukani, na mtu asiyejua neva inapita wapi. Sindano ikichomwa pasipostahili inaweza kuijeruhi neva ya siatiki, na mtu akabaki na wayo unaoburuzika. Kama sindano haina budi, achome mtaalamu.

Tiba ya kwanza ni mwendo. Usijilaze kitandani wiki nzima. Inuka kila nusu saa, tembea hatua chache. Kisha nyoosha msuli wenyewe. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti yote. Weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la mguu mzima. Shika paja la mguu mzima kwa mikono miwili, ulivute polepole kuelekea kifuani mpaka usikie kalio linaloumwa likinyooka. Kaa hivyo sekunde 30 ukipumua kawaida, achia, rudia mara tatu, asubuhi na jioni. Moto ukianza kuteremka mguuni, legeza; unavuta kupita kiasi. Mkandaji anayekandamiza tako kwa kiwiko mpaka ulie naye huenda akaichokoza neva zaidi.

Kunyoosha peke yake hakutoshi. Misuli mikubwa ya kalio ikiwa dhaifu, huu mdogo hubebeshwa kazi isiyo yake. Kwa hiyo lala chali, magoti yamekunjwa, inua makalio juu na kuyashusha taratibu. Wengi hupata nafuu kwa wiki kadhaa za mazoezi ya kila siku. Dawa kama diklofenaki hutuliza, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au ujauzito asizimeze bila kumwuliza daktari. Maumivu yakigoma, hospitalini huweza kuchomwa dawa ya ganzi ndani ya msuli wenyewe kwa kuongozwa na ultrasaundi. Upasuaji ni wa wachache sana.

Usisubiri mazoezi kama unashindwa kukojoa au mkojo na choo vinatoka bila kujua, sehemu za siri na kati ya mapaja zimekufa ganzi, au miguu yote miwili inalegea. Hapo huenda neva zinabanwa chini ya uti wa mgongo, na saa zikipita hasara inaweza kuwa ya kudumu. Nenda hospitali usiku huohuo.