Je, wajua? Kwa nini wimbo unaojirudia haujirudii?

Anayesikiliza muziki wa ambienti kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba hakuna kinachotokea. Hakuna ngoma wala kiitikio, ni sauti zilezile zinakuja na kuondoka. Kumbe zipo nyimbo za aina hii ambazo hakuna dakika inayofanana na nyingine, na siri yake ni hesabu.

Chukua Music for Airports, albamu ya Mwingereza Brian Eno ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Wimbo wake wa pili umejengwa kwa noti mojamoja zilizoimbwa na kurekodiwa kwenye kanda. Kila kanda iliunganishwa ncha kwa ncha, ikawa kitanzi kinachozunguka bila kukoma. Kwa maelezo ya Eno mwenyewe, kitanzi kimoja huchukua sekunde 23.5, kingine 25.875, na cha tatu 29.9375. Viwili vya kwanza vikianza pamoja, havikutani tena palepale mpaka ipite dakika 81. Ongeza cha tatu, utangoja karibu siku 27! Wimbo wenyewe haufiki dakika 10, kwa hiyo unachosikia ni kipande kidogo sana cha mzunguko huo.

Ukitaka kuyanasa haya kwa sikio lako, usijaribu kusikiliza sauti zote kwa pamoja. Chagua sauti moja, iliyo rahisi kuitambua. Ikiingia, washa saa ya kupimia ya simu, ikirudi, bonyeza. Rudia mara nne au tano. Muda utakuwa uleule, ila majirani wa sauti hiyo watakuwa wamebadilika: mara imetangulia, mara imefuata, mara imebaki peke yake. Hapo ndipo wengi hushtuka. Kisha hamia sauti nyingine.

Spika ya simu haifai, maana haitoi besi ya kutosha. Hedifoni za waya za kawaida zinatosha, mradi zizibe sikio vizuri. Zikilegea, besi ndiyo hutoroka kwanza. Kwenye programu ya muziki zima ile huduma ya kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata (crossfade), kwa sababu inameza sekunde za mwisho, na muziki huu hufifia polepole mno.

Kwa Mwanza, saa ni muhimu kuliko kifaa. Mchana maeneo kama Kirumba hayafai kwa usikilizaji huu: bodaboda, muziki wa madukani, upepo wa ziwani ukigonga madirisha. Saa nane hadi saa kumi usiku ni bora, hata kama injini ya mtumbwi wa dagaa itasikika kutoka majini. Adui wa saa hizo ni friji. Umeme wetu ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), hivyo mota ya friji huvuma hasa kwenye hezi 100, palepale zinapokaa noti nyingi za chini. Masikio yameshauzoea uvumi huo, huusikii mpaka friji izime, lakini unafunika noti hizo. Chomoa friji kwa nusu saa, chakula hakitaharibika.

Mvua ikianza kupiga bati, simamisha albamu. Friji hufunika eneo jembamba, mvua hufunika noti za chini na za juu kwa pamoja, na kuongeza sauti ili uishinde ni kuumiza masikio bure.